Kuku Aliyefika Tabora

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Ya Rehani ilitoka Bagamoyo ikafika Tabora, ikarudi tena pwani, na kwa mwaka mzima na miezi minne haikuonyesha dalili ya kuisha. Iliishia uani kwake mwenyewe, Ijumaa moja, mbele ya mafiga matatu, na mkewe Mina ameketi juu ya mkeka akitazama.

Rehani alikuwa mpagazi. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na kidogo, mtu mrefu mwenye mabega ya kubebea mizigo na, kama alivyopenda kusema mwenyewe baadaye, mdomo wa kubebea mizigo mikubwa zaidi. Katika msafara ule wa Tabora alipewa kusimamia kambi ya watu kumi na wawili, wote wa pwani, wengine wa mjini na wengine wa Kiwangwa na vijiji vya karibu. Walipanda bara na majora ya nguo za merikani na shanga, wakashuka na pembe za ndovu.

Uongo wenyewe ulizaliwa Marenga Mkali, nyika ile kavu iliyo kabla ya Ugogo, ambayo msafara huikata siku mbili bila kuona maji ya kunyweka. Siku ya kwanza, jua lilipokuwa kichwani, watu wawili wa kambi yake walitua mizigo, wakaketi juu yake, wakasema hawaendi tena. Walikuwa wamekula konzi moja moja ya mtama tangu jana. Rehani hakuwa na fimbo, wala hakuwa mtu wa kumpiga mwenzake. Alichokuwa nacho ni maneno. Basi akasimama mbele yao akaanza kusema habari za kuku wa kupaka.

Hakukusudia kudanganya. Alisema tu jinsi kuku anavyokuwa akishabanikwa juu ya makaa ya mkoko, ngozi inavyotuna na kutoa jasho, na tui zito la nazi, lililotiwa kitunguu saumu na tangawizi na ndimu, linavyopakwa juu yake likadondoka motoni na kutoa moshi ambao ukiupata puani unaweza kuacha mashitaka mbele ya kadhi ukafuata harufu. Na pembeni wali wa nazi, mweupe, kila punje imesimama peke yake kwa heshima zake. Wale wawili waliinuka, wakajitwisha.

Mambo yangeishia hapo. Lakini nyuma yake alikuwa akitembea kijana mmoja wa Kiwangwa, jina lake Muhidini, mpole, mwembamba, ambaye tangu Bagamoyo hakuwa amesema maneno kumi. Muhidini akauliza: tui lile, humpaka kuku kabla hajaiva au akishaiva?

Rehani hakujua. Kwa miaka ishirini Mina ndiye aliyempika kuku, na yeye Rehani kazi yake ilikuwa kuketi barazani mpaka sinia lifike. Lakini kusema "hilo analijua mke wangu" ilikuwa sawa na kuutua mzigo katikati ya nyika, maana hadithi ingekatika na wale wawili wangeketi tena. Akajibu, "Mimi humpaka mara tatu." Lile neno "mimi" lilimtoka kama jasho, bila ruhusa, na likishatoka halikurudi.

Tangu siku ile Muhidini aliuliza kila siku, na kila siku Rehani akajibu. Ugogo, kwa mdomo tu, alipata kinu chake mwenyewe cha kutwangia viungo. Walipovuka mbuga akapata kifumbu cha kukamulia tui, alichokisuka kwa mkono wake. Walipofika Tabora alikuwa ameshasema kwamba akipika, mkewe hakaribii jikoni asije akaharibu, na kwamba yeye Rehani ndiye aliyemfundisha mkewe kupika. Hili la mwisho, kila alipolikumbuka baadaye, lilimfanya ashike kichwa kwa mikono miwili.

Wakati wa kurudi Muhidini alishikwa na homa. Wenzake waligawana mzigo wake, kisha wakambeba na yeye mwenyewe katika machela, na ndani ya machela aliendelea kuuliza, kwa sauti ndogo, wali hutiwa chumvi lini, na makaa huwa mengi kiasi gani. Rehani alitembea kando yake akijibu. Siku tatu kabla ya kufika Mpwapwa, Muhidini akafariki. Wakamzika, msafara ukaendelea.

Walipofika pwani, mwenzao Bwanausi, ambaye naye kwao ni Kiwangwa, alikwenda moja kwa moja kwa mama wa marehemu kupeleka habari na kutoa pole. Rehani alisema atafuata wiki ile ile. Wiki ile mguu ulimuuma. Wiki ya pili mvua ilinyesha. Wiki ya tatu paa lilitaka makuti mapya, na ya nne makuti yalikuwa yamefika na haifai kuyaacha yakauke. Miezi miwili ikapita hivyo. Kinywa kilichovuka Ugogo mara mbili kilishindwa kufika Kiwangwa, na Rehani alilijua hilo vizuri, ndiyo maana akawa anapanda juu ya paa hata siku ambazo paa halikumhitaji.

Jumanne moja alirudi nyumbani alasiri akamkuta Mina uani, anachambua mchele katika ungo. Mina alikuwa mwanamke mnene kiasi, mtaratibu, asiyepandisha sauti hata akimfukuza mbuzi. Alimpa maji mumewe, akamwambia kwamba Bwanausi alipita. Wamezungumza sana. Ijumaa, baada ya sala, atakuja na mgeni mmoja kula kuku wa kupaka.

Rehani alisema ni vyema, mgeni ni baraka, na Mina atafute kuku mzuri.

Mina aliokota chuya moja akaitupa. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyenifundisha kupika," akasema.

Rehani akatazama paa. Lilikuwa zima kabisa. Akasema kwamba huko bara watu huzungumza mengi ili siku ipite.

"Nimeambiwa pia kwamba siku ya kwanza nililia kwa moshi, ukanifuta machozi kwa upindo wa kanzu yako."

Hilo alikuwa amelisahau. Alilitia karibu na Tabora, kwa ajili ya kunogesha, na wenzake walilipenda sana. Akajaribu kucheka, Mina hakucheka, kicheko kikafa peke yake. Hapo akaanza kubembeleza. Alipendekeza Mina apike, na yeye akae karibu na moto hadi uso ulowe jasho, kisha abebe sinia. Mina akakataa. Alipendekeza wapike pamoja. Akakataa. Alipendekeza wageni wapewe samaki.

"Baba Husseni, mimi sikatai kupika," Mina akasema. Husseni alikuwa mwana wao, mtu mzima anayeishi Saadani na mkewe. "Miaka ishirini na mbili nimepika. Lakini watu hawa wanakuja kula chakula chako, si changu. Nitakaa hapa hapa nisuke ukili wangu. Ukiniuliza jambo, nitakujibu. Usiponiuliza, sitasema."

Yalikuwa masharti mepesi. Mtu mwenye akili angeanza kuuliza pale pale, na kufikia Ijumaa angekuwa mpishi. Rehani alisema hana la kuuliza, kwani kuna nini kigumu katika kuku?

Alhamisi alikwenda Kaole kununua kuku. Bibi mmoja pale alikuwa nao wa kila namna, wakiwamo matembe wawili, kuku majike wachanga wasiotaga bado, laini, aina ambayo Mina huchagua kila siku. Rehani hakuwatazama. Macho yake yaliangukia jogoo mmoja mwekundu aliyekuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, ana upanga wa kichwani kama kilemba cha liwali na vipi vya miguuni, zile kucha za kupigania, virefu kama kidole cha mtu. Yule bibi alimuuliza anamtaka wa kufuga au wa kula. Rehani akasema wa kula. Bibi akamtazama kama anayetaka kuongeza neno, kisha akaliacha.

Mina alipomwona jogoo, akamshika mguu, akavitazama vile vipi, akauliza ana umri gani. Rehani akajibu kwamba ana umri wa kutosha. "Naona," Mina akasema, akarudi kwenye ukili wake.

Ijumaa asubuhi Rehani alivaa shuka kuukuu akaingia kazini. Kuchinja alijua, hiyo ni kazi ya wanaume. Kunyonyoa ndiko kulikomtoa jasho. Alikuwa amewaona wanawake wakimnyonyoa kuku upesi sana huku wakizungumza mambo mengine, na hakuwahi kujiuliza kwa nini daima pana chungu cha maji ya moto karibu yao. Alimnyonyoa jogoo mkavu, unyoya mmoja mmoja, kama mtu anayeng'oa misumari. Jua lilipopanda nusu ya manyoya yalikuwa bado juu ya jogoo na nusu nyingine ndevuni mwake. Mina alisuka. Mara moja alikohoa, na Rehani akageuka upesi akidhani anataka kusema kitu, lakini kilikuwa kikohozi tu.

Ikaja nazi. Alikuwa amewaeleza watu kumi na wawili jinsi anavyokuna nazi mpaka inatoka laini kama unga wa mchele. Mbuzi ya kukunia aliijua kwa macho: kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno. Aliipanda kama punda. Kifuu cha kwanza kiliteleza, ulimi ukamkuna vidole. Cha pili kilikubali, lakini nazi ilitoka vipande vipande kama kucha. Hata hivyo aliikusanya, akaitia katika kifumbu, akamimina maji, na hapa alitaka kuonyesha ukarimu: alimimina mtungi wote kwa mara moja. Kila mwanamke wa pwani hutia maji kidogo kwanza, apate lile tui zito, ndipo atie mengine apate jepesi. Rehani alipata tui jingi kuliko alilowahi kuliona maishani, na lote lilikuwa jembamba kama maji ya kunawia mikono.

Alimpasua jogoo kifuani, akamtandaza, akamfunga kwenye vijiti kama alivyoona watu wakifanya, akampaka tui. Tui likateleza likaanguka chini. Akampaka tena. Kisha, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda, hakungoja kuni ziwe makaa. Alimsimamisha jogoo mbele ya ndimi za moto, na kwa muda mfupi jogoo akawa mweusi wa kupendeza. Rehani alifurahi. Alidhani ameiva.

Wali aliubandika mwisho. Aliosha mchele, akatia tui, akatia chumvi, akatia kuni tatu, akatazama, akaona ni vizuri kuongeza ukuni wa nne. Chungu kikaanza kuimba. Wakati huo huo mwadhini wa msikiti wa jirani akaita, na Rehani akagundua kwamba katika safari yote, kutoka Marenga Mkali hadi Tabora, hakuwahi kupika, hata kwa maneno, siku ya Ijumaa. Hakujua mtu anafanyaje na chungu na sala kwa pamoja.

Alioga haraka, akavaa kanzu, akasimama mlangoni. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kuuliza. Badala yake akasema kwa sauti ya mwenye nyumba: "Utakiangalia chungu."

"Nitakiangalia," Mina akajibu.

Na kweli alikiangalia. Aliketi pale pale akakiangalia kinavyofoka, akakiangalia kinavyokauka, akakiangalia kinavyoanza kutoa moshi. Kilipotaka kuungua kabisa alikiepua, kwa sababu mchele ulikuwa wa shamba la ndugu yake.

Msikitini Rehani alisali, lakini Mungu anajua alisali nini. Alipotoa salamu alimwona Bwanausi mstari wa nyuma, mtu mfupi mwenye kovu shavuni, akitabasamu. Walipeana mikono, wakaulizana hali, wakaanza kutembea. Bwanausi alisema hajatia kitu kinywani tangu jana makusudi. Rehani aliuliza mgeni yuko wapi. Bwanausi akasema ametangulia nyumbani, yuko na shemeji, na baada ya hapo alizungumza habari za mvua tu.

Walipoingia uani, Rehani aliona kwanza moshi. Kisha akamwona, juu ya mkeka kando ya Mina, mwanamke mzee, mdogo wa umbo, amejifunga kaniki nyeusi ya msiba, anamtazama yule jogoo juu ya vijiti kwa makini, kama mtu anayesoma barua.

"Huyu ni Bi Dija," Bwanausi akasema. "Mama yake Muhidini."

Rehani alisimama. Alitaka kurudi barabarani na hakuweza, maana Bwanausi alikuwa nyuma yake. Akamtazama Mina, na Mina akamwambia polepole, bila ukali, "Ningekuambia, ungepata safari." Ilikuwa kweli. Akaenda akapiga goti mbele ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mwenye kuku?"

Alisema ndiye. Akaanza kutoa pole yake, aliyoichelewesha miezi miwili, na kila neno lilimtoka likiwa dogo. Bi Dija alimwachia mpaka akamaliza, akaitikia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kisha akamweleza alichofuata. Bwanausi alimsimulia kwamba mwanawe, katika siku zake za mwisho, hakuwa na kitu cha kula ila kuku wa huyu bwana, na kuku huyo alimla kwa masikio. Yeye, mama, alitaka kumla kwa kinywa. Akatembea siku moja na nusu kutoka Kiwangwa, akalala kwa mpwa wake hapa mjini.

Bwanausi, kwa wema wake, akaongeza jambo moja. Rehani asiwe na wasiwasi, alisema, mgeni ni mtu wa kazi hii hii. Kwa miaka thelathini hapajawa na arusi Kiwangwa ambayo Bi Dija hakuipikia, na Muhidini alikua mekoni kwake, akimtwangia viungo na kumkunia nazi tangu alipoweza kuketi juu ya mbuzi.

Rehani alisimulia baadaye kwamba pale alihisi jinsi jogoo alivyohisi asubuhi.

Lakini hapakuwa na njia nyingine. Alileta sinia. Wali alioupakua ulikuwa wa namna tatu: wa juu mbichi, wa chini mweusi, na katikati tabaka jembamba la wali hasa, ambalo alilikusanya lote akaliweka upande wa mgeni. Jogoo alimgawa kwa kisu, kisha kwa mikono, kisha kwa kisu na mikono na goti. Nje alikuwa mkaa. Ndani alikuwa anatoa damu kidogo. Bi Dija akanawa, akasema bismillahi, akachukua kipande cha paja, akatia kinywani.

Akatafuna.

Meno yake hayakuwa mengi, na aliyokuwa nayo hayakuelekeana. Alitafuna upande huu, akahamishia upande ule. Bwanausi aliinamisha uso. Mina aliacha ukili. Rehani alilitazama lile taya dogo likipanda na kushuka, akakumbuka machela, na sauti ile ndogo ikiuliza wali hutiwa chumvi lini, na yeye akijibu kama bwana mkubwa wa jikoni, na mtu anakufa. Hakuweza kuvumilia tena.

"Mama," akasema, "mimi si mpishi. Sijapata kupika kuku maishani mwangu ila leo. Kuku wote wale walikuwa wa mke wangu huyu. Nilimdanganya mwanao tangu Marenga Mkali mpaka siku aliyokufa."

Bi Dija hakujibu, kwa sababu jogoo hakumpa nafasi. Aliendelea kutafuna kwa muda mrefu, hatimaye akameza kwa nguvu, akanywa maji.

"Hilo la kupika," akasema, "amekwisha kulisema kuku mwenyewe."

Bwanausi alianza kucheka, akacheka hata akashika ubavu. Alipopata pumzi akamwuliza Rehani kama kweli alidhani walikuwa hawajui. Siku ya pili ya Marenga Mkali, jua lilipomchoma, Rehani aliwaeleza jinsi anavyombanika kuku, akampaka, akamgeuza, na alipokwisha kuiva ndipo akamnyonyoa manyoya. Watu kumi na wawili walisikia. Hakuna aliyesema kitu. Ugogo alikamua tui kabla ya kuvunja nazi. Karibu na Tabora alitia wali chungu kimoja na makaa. Kila jioni, wakiota moto, walirudia makosa ya siku ile na kuchekea mikononi, naye yupo pale pale, anadhani wanacheka kwa utamu.

Rehani aliuliza, na Muhidini?

"Muhidini ndiye aliyejua wa kwanza. Lile swali la kwanza kabisa, kabla au baada, alikuuliza kwa sababu alishajua hujui. Sisi tulitaka kukuumbua. Yeye akakataa. Alisema: mwacheni. Akijua kwamba tunajua, atanyamaza, na akinyamaza tutasikia njaa."

Rehani aliketi chini juu ya udongo, kanzu na yote. Mwaka mzima alijiona anawavusha nyika watu kumi na wawili kwa ulimi wake, na alijipongeza kwa siri mara nyingi. Kumbe wao ndio waliokuwa wamembeba yeye, tena kijana mmoja mgonjwa alikuwa ameshika mzigo upande mzito, akiuliza maswali ambayo majibu yake aliyajua tangu utoto. Rehani alitaka kulia, kikatoka kicheko. Akacheka peke yake kwanza, kisha Mina akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Bi Dija akasema anataka kusikia. Si kula tena, alisema, kula kumetosha, bali Rehani amsimulie vile vile alivyomsimulia mwanawe, na makosa yake yote. Rehani akasita. Alipoanza, sauti ilikuwa kavu, lakini alipofika kwenye ngozi inayotuna na kutoa jasho alikuwa amesimama, anaonyesha kwa mikono. Bi Dija alimkatiza kila hatua. Hapana, ndimu haiingii motoni. Hapana, saumu hutwangwa na chumvi. Hapo Muhidini angecheka, hapo angekuuliza tena. Mina naye akatia lake. Bwanausi alikuwa amegundua lile tabaka la katikati la wali na alikuwa akilila kimya kimya. Rehani alipofika mahali pa kumnyonyoa kuku aliyekwisha iva, mama wa Muhidini alicheka kicheko kirefu chembamba, akakiendeleza, kisha akavuta upindo wa kaniki akajifunika uso, na mabega yake yakaendelea kutikisika bila sauti. Mina alimshika mkono. Rehani akanyamaza. Kwa mara ya kwanza alijua wakati wa kunyamaza.

Asubuhi ya pili, Bi Dija alipokuwa anafunga mzigo wake kwa mpwa wake, Rehani alifika, akauchukua, akajitwisha, akasema atamfikisha Kiwangwa. Bi Dija alimwambia mzigo wenyewe ni kikapu tu, hauhitaji mpagazi. Rehani akasema yeye ndiye anayeuhitaji. Mguu haukumuuma, na mawingu yaliyotanda hakuyatazama.

Walitembea polepole, wakipumzika kila penye kivuli. Njiani Bi Dija alimuuliza mambo ambayo hakuyauliza mbele za watu: alizikwa wapi, nani alimwosha, kama alikuwa na hofu. Rehani alimweleza kwamba yeye na Bwanausi ndio waliomwosha, kwa maji ya kibuyu kimoja, kwa sababu hayakuwapo zaidi. Jembe waliazima kwa Mgogo mmoja aliyekaa akawangoja mpaka wamalize. Waliweka mawe juu, mengi, kwa ajili ya fisi. Sanda ilikuwa kipande cha merikani iliyobaki katika mzigo wa tajiri, na msimamizi wa msafara alijifanya hakukiona kikikatwa. Hofu, ndiyo, alikuwa nayo usiku mmoja, halafu ikamtoka. Alisema hivyo tu, hakuongeza.

Bi Dija alisimama, akamgeukia. "Hapo hukutia viungo," akasema. "Ahsante."

Walifika Kiwangwa siku ya pili, mchana. Majirani waliwaona kwa mbali wakatoka kumpokea mama, na mmoja akauliza huyu mwanamume mrefu aliyebeba kikapu ni nani. Bi Dija akajibu kwamba ndiye yule mwenye kuku. Kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia kwa Bwanausi. Walicheka, wanaume kwa wanawake, na mzee mmoja aliyeitwa Mwinshehe alimuuliza kwa adabu zote kama ni kweli huko mjini siku hizi kuku hunyonyolewa akishaiva. Rehani alijibu kwamba ni kweli, lakini ni lazima jogoo awe na umri kama wa mzee. Wakacheka tena, wakamtandikia jamvi.

Kisha wakaja wale waliokuwa wakimjua Muhidini, mmoja mmoja, wakaketi, wakasoma fatiha, wakamuuliza habari za kijana wao: alikuwa akibeba mzigo gani, alikula nini, aliimba nyimbo zipi njiani. Rehani aliwajibu mpaka jua likapungua ukali. Mwanamke mmoja akamuuliza kama Muhidini aliacha neno lolote kwa binti aliyekuwa ameposewa. Watu wote walimwinamia kusikiliza, na Rehani aliliona neno zuri likimjia, tamu, lenye kufaa, limekwisha jipanga ulimini. Alifungua kinywa, akakifumba.

"Sijui," akasema. "Hakuniambia."

Binti mwenyewe, aliyekuwa ameketi nyuma ya wengine, aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika, na Bi Dija akaagiza mgeni aletewe maji ya kunywa.